Rocky na Mugsy: nani ni nani, na kwa nini sungura huwashinda

Majambazi hawa wawili wa katuni za Looney Tunes wanajulikana zaidi kwa sura kuliko kwa majina. Mmoja ni kijitu kifupi kilichojificha chini ya kofia kubwa inayomfunika macho, sigara imeganda mdomoni, sauti kavu isiyopanda. Mwenzake ni pandikizi la mtu linaloitikia kila linachoambiwa na kuelewa nusu yake. Kijitu ni Rocky. Pandikizi ni Mugsy.

Katika enzi ya katuni za Warner Bros. zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, wawili hawa wakiwa pamoja kwa majina hayo utawakuta kwenye filamu tatu tu: Bugs and Thugs ya 1954, Bugsy and Mugsy ya 1957 na The Unmentionables ya 1963. Zote ziliongozwa na Friz Freleng, na katika zote mpinzani wao ni sungura Bugs Bunny. Hata hivyo, waulize mashabiki watatu wakutajie filamu za Rocky na Mugsy uone kama orodha zao zitalingana. Mwingine ataingiza bata, mwingine atamtaja kanari wa manjano, mwingine atasema Rocky aliyemwona yeye hakuwa mfupi hata kidogo. Wote wana sababu. Rocky ni mkubwa kuliko Mugsy kwa miaka minane, alibadilishwa umbo katikati ya safari, na kabla ya kumpata Mugsy alikuwa na wapambe wengine. Hata jina Mugsy lilitangulia kutajwa kabla mwenye nalo hajachorwa.

Mzizi wa yote uko kwenye filamu za watu halisi. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na biashara ya magendo ikatajirisha magenge ya miji mikubwa, Chicago ikiongoza kwa sifa mbaya. Al Capone, bosi wa genge la huko, alipotiwa hatiani mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, watazamaji walikuwa tayari wanajazana kwenye sinema kuwaona watu wa aina yake. Studio iliyolishika soko hilo barabara ilikuwa Warner Bros. Mwaka huohuo wa 1931 ilitoa Little Caesar, iliyompa umaarufu Edward G. Robinson, na The Public Enemy, iliyomtoa James Cagney. Mwaka 1938 Cagney akaigiza jambazi aitwaye Rocky Sullivan katika Angels with Dirty Faces.

Wachoraji wa katuni walifanya kazi chini ya mwavuli wa kampuni hiyohiyo. Mwanzoni karakana yao ilikuwa ya Leon Schlesinger, aliyewauzia Warner Bros. filamu zake, kisha mwaka 1944 akawauzia karakana yenyewe. Katuni ilionyeshwa ukumbini kabla ya filamu kuu, hivyo mtu aliyelipa kiingilio aliweza kumwona Robinson wa kuchorwa leo na Robinson wa nyama na damu wiki iliyofuata. Utani ulikuwa wa ndani ya nyumba, na watazamaji waliuelewa bila kufafanuliwa. Tayari mwaka 1939 mwongozaji wa katuni Tex Avery alikuwa ameufanya katika Thugs with Dirty Mugs. Humo kivuli cha mtazamaji kinainuka kwenye kiti ukumbini, jambazi anakiamuru kikae, na baadaye kivuli hicho ndicho kinachowachongea majambazi kwa polisi, kwa kuwa kimeshaiona filamu hiyo na kinajua mbele kuna nini.

Rocky wa kwanza anaingia mwaka 1946 katika Racketeer Rabbit, iliyoongozwa na Freleng na kuandikwa na Michael Maltese. Huyu ni Edward G. Robinson mtupu: mdomo mpana, uso mzito, kimo cha kawaida. Pembeni yake yupo Hugo, aliyechorwa kwa sura ya mwigizaji Peter Lorre, macho yamemtoka na sauti ya kunong'ona. Hugo ni mwembamba na wa kutisha, wala si mjinga, ndiyo maana hafai kuwa nusu ya pili ya vichekesho: vitisho viwili vikikaa pamoja kila kimoja hupunguza makali ya kingine. Freleng mwenyewe anamwondoa mapema. Rocky anamwagiza Hugo ampeleke sungura matembezi ya gari, ambayo katika lugha ya magenge ni safari isiyo na marejeo. Muda si mrefu Bugs anarudi peke yake, na Hugo haonekani tena mpaka mwisho.

Filamu hii ina vitu viwili vya kukumbuka. Kuna mahali Bugs anavaa kofia ya kijambazi, anarusharusha sarafu hewani kama alivyofanya mwigizaji George Raft katika Scarface ya 1932, na kujifanya jambazi aitwaye Mugsy. Kwa hiyo Mugsy wa kwanza kusikika alikuwa sungura. Kisha kuna sanduku. Bugs anajifanya polisi amebisha hodi, Rocky anajificha sandukuni, na sungura anaigiza pande zote mbili za mahojiano huku sanduku likipata mateso yote ambayo polisi wa kweli asingeyafikiria. Mwisho Rocky anawakimbilia polisi wa kweli akiwasihi wasimwache na sungura mwendawazimu.

Mwaka 1950, katika Golden Yeggs, Rocky anarudi akiwa mtu mwingine kabisa. Amefupishwa, kofia imepanuliwa mpaka imemla macho, na mfanano na Robinson umebaki kwenye tabia tu. Hawley Pratt, mchoraji wa mpangilio wa Freleng kwa miaka mingi, alikuwa katika kikosi hicho, na umbo hili ndilo lililodumu. Humo Rocky ana genge zima, na mawindo yake ni Daffy Duck, bata aliyejisifu kwamba ametaga yai la dhahabu ambalo kwa kweli ni la bata bukini. Mwaka 1953, katika Catty Cornered, Rocky na mpambe wake Nick wanamteka kanari Tweety ili walipwe fidia, naye paka Sylvester, akitafuta chakula chake tu, anamwokoa bila kukusudia na kuishia kupongezwa kama shujaa. Nick ni mkubwa na mzito. Ukimtazama haraka utaapa ni Mugsy, na hapo ndipo orodha nyingi zinapokosewa.

Basi Mugsy alipokuja mwaka 1954 hakuwa wazo lililoshuka ghafla. Zaidi ya miaka saba Freleng alikuwa akimjaribia Rocky wapambe: mjanja wa kunong'ona, genge zima, kisha mtu mzito asiye na mengi ya kusema. Aliyefaa ni yule ambaye angeweza kumpenda bosi wake.

Neno hilo, kumpenda, linastahili kuzingatiwa. Wengi hueleza wawili hawa kwa fomula ya mfupi mwenye akili na mrefu asiye nazo, kisha wakaishia hapo. Fomula hiyo ni ya kale na ipo kila mahali. Kinachowafanya Rocky na Mugsy wachekeshe ni njia inayounganisha akili ya mmoja na mikono ya mwingine, na njia hiyo ni moja tu: amri. Rocky hawezi kumbeba sungura, kumfunga wala kuvunja mlango. Mugsy hawezi kuamua afanye nini. Rocky anasema, Mugsy anafanya. Amri ikipita salama, wawili hawa ni hatari kwelikweli. Amri ikipinda njiani, nguvu zote za Mugsy zinamrudia Rocky. Bugs hana haja ya kupigana na yeyote kati yao. Kazi yake ni kukaa katikati ya njia hiyo na kuiharibu, na katika kila filamu anaiharibu mahali tofauti.

Katika Bugs and Thugs anaiharibu kwenye masikio. Hadithi inaanza Bugs akitoka benki alikohifadhi karoti zake na kupanda gari lililoegeshwa nje akidhani ni teksi. Kumbe ni gari la kutorokea, na benki imeibiwa sasa hivi. Rocky anamwambia anajua mengi mno, naye kwa utii kabisa anaanza kutaja ayajuayo, akianzia na rais wa kwanza wa Marekani. Njiani wanafika kwenye njia ya reli, Bugs anaagizwa achungulie kama treni inakuja, anasema hakuna, na gari linagongwa. Likitengenezwa likakosa gurudumu, inabidi Bugs mwenyewe ashike ekseli na kukimbia. Wakifika maficho, Rocky anamwamuru Mugsy ampe sungura haki yake kwa bunduki. Bugs anamkumbusha Mugsy kwamba bosi amesema ampe, basi ampe. Mugsy anampa bunduki.

Itazame amri hiyo kwa makini. Mugsy hajaasi. Ametii kuliko Rocky alivyotaka. Kosa liko kwenye amri fupi iliyotegemea msikilizaji ajaze pengo, na Mugsy hajazi mapengo. Mwandishi anayetaka kuunda jozi ya namna hii aanzie hapohapo: aiandike amri ya bosi iwe na pengo moja, na moja tu. Ikiwa na mapengo mawili mtazamaji hapati muda wa kuliona lolote. Ikiwa haina hata moja, mpambe atalazimika kukosea kwa uzembe, na uzembe hauchekeshi kwa muda mrefu.

Baada ya hapo linakuja jiko la gesi, ambalo ni lile sanduku la 1946 likiwa limenolewa. Hatua zake zimepangwa hivi. Bugs analia king'ora kwa mdomo wake. Majambazi wanaingia kwenye oveni. Bugs anajibisha hodi mwenyewe, anajiuliza kwa sauti ya polisi, na kujijibu kwa sauti yake kwamba Rocky hayumo ndani ya jiko, jambo ambalo linawafichua palepale. Polisi wa uongo anatia shaka. Bugs anamuuliza kama kweli angefungua gesi endapo rafiki yake Rocky angekuwa mle. Polisi anajibu kwamba angeweza. Gesi inafunguliwa. Bugs anauliza tena kama angetupa kiberiti kinachowaka. Polisi anajibu vilevile. Kiberiti kinatupwa, jiko linalipuka, na polisi anasema ameridhika, anaondoka.

Kisha polisi wa kweli anafika, na Bugs anaanza mahojiano yaleyale kwa maneno yaleyale. Mlipuko wa pili hauhitajiki. Rocky na Mugsy wanachomoka wenyewe na kuomba wakamatwe. Hapa ndipo filamu ya 1954 inaipita ile ya 1946 kwa mbali. Mara ya kwanza tunacheka kwa sababu ya moto, mara ya pili tunacheka kwa sababu ya swali. Ukilirudia tukio zima kwa urefu uleule, mara ya pili itachosha. Lazima ikatwe pale woga unapotosha kufanya kazi ya baruti.

Tunaiona Bugsy and Mugsy ya 1957 kuwa bora kuliko zote, na ndiyo inayostahili kutazamwa polepole kwa yeyote anayetaka kuelewa jozi hii. Bugs amehamia chini ya sakafu ya jengo bovu, na majambazi wanakuja kujificha chumba cha juu baada ya kuiba vito. Katika filamu nzima Bugs karibu hakutani nao uso kwa uso. Silaha yake ni fitina.

Anaanza na maneno. Anamnong'oneza Rocky kupitia sakafuni kwamba Mugsy ana mpango wa kumgeuka. Rocky anaonya tu. Halafu shoka linakutwa mkononi mwa Mugsy aliyelala, naye akiamka haelewi limefikaje. Halafu skrubu za taa iliyo juu ya kichwa cha Rocky zinaanza kulegea zenyewe, Mugsy kwa moyo safi anachukua bisibisi azikaze, taa inamwangukia bosi, na bosi anapoinua macho anamwona Mugsy na bisibisi yake. Halafu msumeno unazunguka kiti cha Rocky kutoka chini, Rocky anadumbukia, na msumeno unakutwa kwa Mugsy. Mwisho Rocky anamfunga Mugsy kamba mikono na miguu ili apate amani. Bugs anamvisha viatu vya magurudumu, anashika sumaku chini ya sakafu, na kumwendesha Mugsy aliyefungwa moja kwa moja hadi kwa bosi wake, mara baada ya mara.

Ushahidi hapo unapanda ngazi: kwanza uvumi, kisha chombo kilichokutwa mkononi, kisha chombo mkononi pamoja na madhara, na mwisho mwili wenyewe wa mtuhumiwa ukimgonga bosi. Kila ngazi inamwongezea Rocky uhakika. Wakati huohuo, machoni mwetu, kila ngazi inamwongezea Mugsy usafi, kwa maana sasa amefungwa na hata angetaka asingeweza. Mistari hiyo miwili inapanda kwa pamoja ikielekea pande tofauti, na kicheko kinatoka kwenye nafasi iliyo kati yake. Rocky mwenyewe analisema wazi: hajui Mugsy amefanyaje, ila anajua ni yeye aliyefanya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, ila hapa panzi mmoja hajui kama kuna vita.

Sumaku inafanya kazi kwa sababu ya jambo la kiufundi ambalo ni rahisi kulikosa. Ili mchezo ueleweke, mtazamaji lazima ajue kwa kila sekunde nani yuko juu ya sakafu na nani yuko chini yake. Sakafu inakuwa mpaka kati ya wanaojua na wasiojua. Bugs anajua yote, sisi tunajua yote, Rocky anajua uongo, Mugsy hajui lolote. Wanaojaribu kuiga mchezo huu mara nyingi husahau kutuonyesha sumaku kabla ya mwendo kuanza, wakitaka kutushtukiza. Matokeo yake tunashangaa badala ya kucheka. Kwanza sumaku ionekane, halafu viatu, halafu mwendo.

Mwisho wa filamu hiyo polisi wanavamia, na tunagundua waliyajuaje maficho: Bugs ameweka nje bango la taa za neoni linalotangaza kwamba Rocky anajificha hapo.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za Sungura, Fisi na Simba atakuwa ameshalitambua umbo hili. Simba ana mamlaka, Fisi ana tumbo na hana mashauri, Sungura ana ulimi. Sungura wetu pia hushinda kwa kuwafitinisha wakubwa, na mara nyingi hufanya hivyo akiwa amejificha mahali wasipoweza kumfikia.

Umuhimu wa sungura unaonekana vizuri zaidi ukizitazama zile filamu mbili ambazo hayumo. Katika Golden Yeggs Rocky hashindwi. Daffy anaishia kutaga yai la dhahabu kweli kwa hofu ya bunduki, kisha anaonyeshwa makasha yanayosubiri kujazwa. Daffy hawezi kumshinda Rocky kwa kuwa wana ugonjwa mmoja, tamaa, na kwa kuwa bado hakuna Mugsy ambaye uaminifu wake ungeweza kupindwa. Katika Catty Cornered Rocky anashindwa kwa bahati mbaya tu, na kwa sababu hiyo filamu hiyo ni ya Sylvester kuliko ya majambazi.

The Unmentionables ya 1963 inahitaji maelezo ya ziada, kwani bila kujua inachokitania utaona vipande vilivyotawanyika. Kati ya 1959 na 1963 televisheni ya ABC ilirusha The Untouchables, tamthilia ya Eliot Ness na maofisa wake dhidi ya magenge ya Chicago, Ness akiigizwa na Robert Stack, ikiwa na msimuliaji mwenye sauti ya haraka ya kutangaza habari. Katuni inachukua yote hayo: Chicago ya miaka ya 1920, msimuliaji, magari ya kale, na Bugs akiwa ofisa aitwaye Elegant Mess. Sungura anafungwa miguu kwenye saruji na kutumbukizwa ziwani, kuna kukimbizana ndani ya kiwanda cha nafaka, na mwisho Rocky na Mugsy wanahukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Bugs yuko nao gerezani akiponda mawe, kwa kuwa amejifunga nao pingu na ufunguo umepotea.

Ina vichekesho vizuri, lakini ni dhaifu kuliko zile mbili, na sababu yake inaonekana. Bugs amepewa sheria mkononi. Katika filamu za awali alikuwa mpita njia aliyeingiliwa, na kila alichofanya kilikuwa kujihami. Ofisa wa serikali anayewasaka wahalifu hana kisingizio hicho, hivyo ujanja wake unaonekana kama kazi ya mshahara. Pia uhusiano wa Rocky na Mugsy umewekwa kando: wanakimbia pamoja na kupigwa pamoja, na amri haipindiki popote. Pingu za mwisho ndizo zinazoiokoa, kwa sababu angalau hapo sungura naye analipa. Studio yenyewe ilikuwa ukingoni, Warner Bros. ilifunga karakana yake ya katuni mwaka huohuo.

Sasa tuje kwenye mkono wa mchoraji. Katuni hizi zilikuwa na urefu wa dakika sita hadi saba. Filamu ya milimita 35 hupita kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kila sekunde, na futi moja hubeba fremu 16, kwa hiyo dakika moja ni futi 90 na dakika saba ni fremu 10,080. Si kila fremu ilihitaji mchoro wake. Mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili, na sekunde ikahitaji michoro 12. Sauti za wahusika zilirekodiwa kwanza, na katika Bugs and Thugs Bugs, Rocky na Mugsy wote ni Mel Blanc. Freleng alikuwa na elimu ya muziki, na muda wa matendo aliuandika kwenye karatasi zenye vipimo vya mapigo kama za mtunzi. Ndiyo maana katika filamu zake hata kimya kina urefu uliohesabiwa.

Kwa mtu anayechora jozi ya aina hii leo, kimya cha kuhesabia ni kile kilicho kati ya amri na utekelezaji. Mpe mpambe fremu 12 za kusimama tuli baada ya bosi kumaliza, yaani nusu sekunde, kabla kope au kidevu hakijasogea. Chini ya fremu sita hakuna atakayeona kwamba anafikiri. Zaidi ya 20 mtazamaji ataanza kumwonea huruma, na huruma ikija mapema itaharibu kipigo kitakachofuata. Akianza kutembea, uzito uonekane kwenye kutua: mguu ukigusa chini, mwili uendelee kushuka kwa fremu mbili au tatu, kisha uinuke. Ukiondoa kushuka huko utapata puto lenye umbo la mtu mkubwa.

Rocky ni mgumu zaidi kuchora kuliko anavyoonekana. Kofia imemnyang'anya mchoraji macho, ambayo kwa kawaida hubeba zaidi ya nusu ya hisia. Vilivyobaki ni mdomo, sigara na ukingo wa kofia. Sigara ishikwe na mdomo wa chini na icheze kwa kila silabi. Hasira ionyeshwe kwa kofia kushuka kidogo, mshangao kwa kofia kupanda. Kosa la kawaida ni kumfanya apige kelele. Freleng alikuwa tayari na mfupi mwingine mwenye kofia kubwa, Yosemite Sam wa 1945, na huyo kazi yake ni kufoka. Rocky ni kinyume chake: amezoea kutiiwa, kwa hiyo hana haja ya kupaza sauti. Ukimfokesha Rocky umemchora Sam aliyevaa suti.

Mugsy naye huharibiwa kwa kutiwa ubaya. Akianza kufurahia kuumiza watu, fitina ya Bugs inageuka kuwa tuhuma ya haki na Bugsy and Mugsy nzima inaporomoka. Anaweza kuiba, kufunga watu kamba na kubeba bunduki, mradi anafanya kwa sababu ameambiwa.

Anayezitazama filamu hizi mtandaoni atakutana na vipande visivyo na jina, na vingine vimekatwa. Televisheni za Marekani kwa miaka mingi ziliondoa matukio ya bunduki na ya gesi katika vipindi vya watoto, hivyo kuna nakala ambamo jiko linaonekana limelipuka na kiberiti hakikuonekana. Sungura akirusha sarafu, hiyo ni 1946. Bata na mayai ni 1950, na mpambe hapo si Mugsy. Kanari akiwa mateka ni 1953, na mpambe ni Nick. Jiko la gesi na treni ni 1954, sumaku ni 1957, msimuliaji na magari ya kale ni 1963. Ukikuta Bugs akiwa Elegant Mess na papo hapo Tweety ametekwa na genge, usidhani ni filamu ya nne iliyopotea. Hiyo ni sehemu ya pili ya The Looney Looney Looney Bugs Bunny Movie ya 1981, ambamo Freleng aliunganisha filamu zake za zamani kwa michoro mipya. Tazama mistari ya michoro pale tukio linapobadilika: katika sekunde chache tu unene wa wino na rangi za ukutani hubadilika, na Nick wa 1953 na Mugsy wa 1963 wanajikuta wakimtumikia Rocky mmoja.